Noah Isiyokuwa Noah

Mtu akikuletea gari akakwambia ni Noah ya Toyota, usimbishie, lakini usimwamini pia. Mwambie afungue boneti kwanza. Wewe kijana unayeosha mikono kwa sabuni ya unga kwenye gereji za South End hapa Louisville, na wewe unayesomea ufundi kule Columbus ukidhani kompyuta itakwambia kila kitu, nipeni masikio kidogo. Mimi ni Sadiki, niliyeacha spana kwa sababu ya magoti, si kwa sababu ya kuichoka kazi. Nimelala chini ya magari Kigoma, nikaja kulala chini ya magari Kentucky, na kote kuwili oili iliniingia sikioni. Ninachotaka kuwasimulia hakinipi sifa yoyote. Mpaka leo sijakielewa sawasawa, na kila nikianza kukieleza naishia kukuna kichwa.

Tuanze na Kigoma, maana huko ndiko nilikokutana na gari la Kichina kwa mara ya kwanza. Nilikuwa gereji ya Fundi Yasini pale Mwanga, mzee mkavu, mkali, mwenye mikono mikubwa kuliko kichwa chake. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Siku hiyo kililetwa kipanya cha Kichina, basi dogo la abiria, cheupe, kipya, viti bado vina nailoni. Uso wake ulikuwa wa haisi mtupu, ile ya Toyota: taa za haisi, shoo, ile nyavu ya puani, ya haisi, hata kioo cha mbele kimelala kama cha haisi. Breki zake zilikuwa zinalia. Nikaona hiyo si kazi, ni mchezo. Nikaenda dukani nikachukua pedi za haisi, nikazifunga, zikaingia vizuri mno.

Nikatoka nacho kukijaribu. Kwenye mteremko wa kushukia stesheni nikakanyaga breki, gurudumu moja likashika, yale mengine yakaendelea na safari zao. Nilisimama ndani ya genge la nyanya. Namshukuru Mungu mwenye genge alikuwa amekwenda kuteka maji. Fundi Yasini alikuja kwa miguu, akaokota nyanya moja iliyosalimika, akaifuta kwa shati, akaila yote ndipo akaniuliza, «Sadiki, ulipima?»

Nikasema, «Fundi, zilifanana.»

«Kufanana ni kwa mapacha,» akasema, «na hata mapacha wana mama mmoja. Hiki kipanya mama zake wangapi?»

Tulipokifungua vizuri tukaanza kuwahesabu hao mama. Uso ulikuwa wa Mjapani, milango ya ubavuni imetoka kwa Mkorea, na injini ilikuwa ya Kijapani ya zamani sana, ile tuliyokuwa tukiiona kwenye magari ya mabwana shamba. Giaboksi hakuna aliyejua kabila lake. Wanasema viwanda vya China vingine vilinunua michoro kwa haki na kulipia, vingine viliangalia tu kwa jicho vikachora. Nani alinunua na nani alichungulia, mimi si hakimu. Nilichojifunza ni kwamba gari la namna hiyo haliulizwi jina. Unapima kila kipande peke yake, kama vile hakijuani na mwenzake, na mara nyingi kweli havijuani.

Nilipohamia Louisville nilifikiri nimeachana na magari ya Kichina. Hapa hayauzwi. Niliajiriwa na mzee mmoja Mbosnia mwenye gereji ndogo karibu na barabara ya maghala, mtu asiyesema neno mpaka saa ya chakula. Kila kitu alikipima kwa kipimo cha chuma, hata nati mpya iliyotoka kwenye boksi lake. Nilimpenda kwa hilo, kwa sababu alinikumbusha Fundi Yasini, ila hakuwa na matusi. Wateja wetu wengi walikuwa Wakongo na Warundi wa kwenye viwanda na maghala, na mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Nilijifunza kwamba usukani kwao ni volan na tairi ni pene. Nikajiona nimemaliza darasa. Kiswahili ni kimoja, nilikuwa nawaambia watu. Siku hizi sisemi tena.

Mmoja wa wateja hao alikuwa Mama Riziki, mwanamke wa Fizi, upande wa Kongo wa ziwa letu la Tanganyika. Alikuwa na gari bovu na moyo mzuri. Baadaye alihamia Buffalo, mtaa wa Black Rock, ambako watu wa kwao walikuwa wananunua nyumba za bei nafuu, lakini gari likikohoa bado alinipigia mimi. Riziki mwenyewe, binti yake wa kwanza, hakuwahi kufika Amerika. Karatasi za familia za kuhamia Amerika zilipotoka kule kambi ya wakimbizi, Riziki alikuwa ameshaolewa, akahesabiwa familia nyingine. Wenzake wakapanda ndege, yeye akarudi Fizi na mumewe. Mama yake hajamwona tangu siku hiyo, na ukikaa naye hata nusu saa atakuonyesha picha yake.

Sasa watu wa kijiji chao walioko Louisville, Columbus na Buffalo walikuwa wamechangishana wakanunua gari la kijiji, la kuwashusha wagonjwa na wajawazito mpaka hospitali ya mji wa Baraka. Waliuziwa mjini Uvira, na muuzaji aliwaambia ni Noah. Nilitumiwa picha baada ya kununua, ili nipongeze. Nikaitazama ile picha. Kwa mbele, naam, Noah. Nikaikuza kwa vidole: alama iliyokuwa puani sikuwahi kuiona duniani. Taa za nyuma zilikuwa za gari la Kikorea. Dashibodi ilikuwa ya kifahari, kama imetolewa kwenye gari la balozi wa Ujerumani. Nikamwambia Mama Riziki, «Hongereni, gari zuri.» Ningesema nini? Limeshanunuliwa.

Lilifanya kazi vizuri, tena kwa muda mrefu, hilo lazima niseme kwa haki. Halafu likagoma, na likagoma wakati mbaya. Riziki alikuwa mjamzito. Mtoto wake wa kwanza alitolewa kwa kupasuliwa na hakuishi. Safari hii daktari alimwambia awe Baraka kabla uchungu haujaanza, akauthibitisha msemo wetu kwamba mjamzito mguu mmoja uko duniani na mwingine kaburini. Barabara ya kushuka kutoka kijijini kwao ni mawe na makorongo. Bila gari kulikuwa na pikipiki, na pikipiki kwenye mawe yale kwa mwanamke aliyeshonwa tumbo, mimi hata kuwaza sikutaka.

Mama Riziki akanipigia kutoka Buffalo. «Baba Mwanaidi,» akasema, maana huniita kwa jina la binti yangu, «miye sikuombi kingine. Nifufulie ile gari.»

Dereva wa gari alikuwa kijana anaitwa Deo. Tulizungumza kwa sauti za kurekodi, kwa sababu mtandao wa kule ulikuwa unakuja na kuondoka. Sauti yake ya kwanza ninaikumbuka yote: «Mzee fundi, jambo. Donc, gari inakatala. Napiga démarreur, inazunguka, inazunguka, haiwake.» Démarreur kwao ni stata.

Hapo, kijana, tulia. Injini inazunguka lakini haiwaki: una maswali mawili tu ya kuanzia. Mafuta yanafika? Moto, yaani cheche, upo kwenye plagi? Ukijua hayo umeshapunguza nusu ya ujinga. Basi nikamrekodia, polepole na kwa utaratibu, kama mtu anayejua anachofanya: «Deo mwanangu, kagua mafuta kama yapo. Halafu kagua moto kama upo.»

Jibu lilikuja siku ya pili. «Mzee, mafuta iko, mingi kabisa. Moto hapana, iko baridi.»

Ungekuwa wewe ungeelewa nini? Mafuta yapo, moto hakuna. Na hilo neno baridi halikunishtua, kwa sababu na sisi mafundi tuna plagi baridi, ile isiyochoma vizuri. Injini ile ilikuwa ya kompyuta, na gari la kompyuta likikosa moto kwenye plagi zote kwa mpigo, mtuhumiwa wa kwanza ni sensa ya krenki. Ni kadude kadogo kanakoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka. Kakifa, kompyuta inaona injini imelala, haitoi moto. Nikajiona nimelimaliza tatizo nikiwa kitini kwangu, na chai haijapoa.

Kazi ikawa kupata sensa ya gari lisilojulikana ni gari gani. Nikamwomba Deo picha ya namba za injini. Zilipokuja nikacheka peke yangu. Herufi za mwanzo zilikuwa zilezile za injini ya Kijapani ya zamani, ukoo wa ile ya kipanya cha Kigoma, na injini hiyohiyo iliwahi kuuzwa hapa Amerika ndani ya saluni fulani, gari dogo la familia. Nikaenda yadi ya magari mabovu, zile yadi unazoingia na spana zako mwenyewe na kufungua unachotaka. Nikatembea kwenye matope, magoti yananilalamikia, mpaka nikaikuta saluni moja ya kijani imekaa juu ya rimu tupu, majani yameota ndani ya siti. Sensa yake nikaichomoa taratibu. Nikailinganisha na picha ya Deo: pini zilezile, masikio yaleyale ya kuchomekea. Kwa hiyo kipuri cha gari la Kichina lililoko Fizi, lenye uso wa Noah, nimekikuta Kentucky ndani ya saluni iliyokufa. Nilisimama pale kwenye matope nikijiuliza nani hapa amemwiga nani.

Kwa posta isingefika. Lakini Black Rock kulikuwa na mchungaji mmoja anayesafiri kwenda Bujumbura wiki hiyohiyo, na kutoka Bujumbura kungekuwa na mtu wa kuvusha mpaka Fizi. Nikaifunga sensa ndani ya soksi safi, nikatia gari moto kuelekea Buffalo.

Nililala njiani Columbus, kwa binti yangu Mwanaidi, anayekaa upande wa Northland nyuma ya duka la nyama ya mbuzi la Morse Road. Mwanaidi aliitazama ile soksi. «Baba, unaendesha mpaka Buffalo kwa ajili ya kadude hako?» Nikamwambia kadude hako kana mtu tumboni. Akaniongezea wali.

Mjukuu wangu Salma ndiye aliyenivuruga kabisa. Nilimwonyesha picha za gari, nikamwomba anitafutie kwenye simu ni gari gani hasa, ili moyo wangu utulie. Alianza na maandishi ya Kichina yaliyokuwa kwenye mlango. Simu yake ikayatafsiri: Gari la Biashara la Furaha ya Watu Wengi. Hilo si jina, nikamwambia, hiyo ni dua. Akaendelea kutafuta. Ikaja picha ya gari lenye uso uleule na jina jingine. Ikaja nyingine, uso uleule, taa za nyuma tofauti. Nyingine ilikuwa na mwili wetu kamili lakini puani ina alama ya kiwanda kingine, na chini pameandikwa kwamba kiwanda hicho nacho kilinunua michoro kwa kiwanda kilichokwisha kufungwa. Nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena.

«Sasa letu ni lipi hapo?» nikauliza.

Salma alipandisha picha za simu kwa kidole, akazishusha. «Babu, it's none of them,» akasema. Kisha akaona uso wangu, akanihurumia kwa Kiswahili chake: «Yote inafanana, lakini hakuna moja iko the same.»

Usiku ule usingizi ulikuwa wa mang'amung'amu. Nilikuwa naogopa. Kama gari zima ni la kubahatisha, sensa yangu nayo itakuwaje? Niliwaza mkono wa Deo ukiifunga ikagoma kuingia, na yule binti amekaa pembeni ameshika kiuno. Alfajiri niliswali nikaondoka kabla wenyeji hawajaamka vizuri.

Black Rock nilifika mchana wa jua na upepo wa mtoni. Nyumba ya Mama Riziki ni ya mbao, karibu na reli, na harufu ya ndagala, yaani dagaa, wa kukaanga inakupokea barazani. Mchungaji alikuwa ameshafika kuchukua mzigo. Aliupokea akaupima mkononi, akashangaa ulivyo mwepesi, akanirudishia. Mama Riziki mwenyewe alikuwa jikoni, anageuza samaki, uso umemvimba kwa kulia. Asubuhi ile walikuwa wamempigia simu kutoka kijijini. Riziki ameanza kuumwa mgongo. Haijawa uchungu wenyewe, wanawake wa kule walisema, lakini mgongo wa namna ile wanaujua.

Kwa hiyo sensa ilikuwa imechelewa kabla haijapanda ndege. Nilikaa kwenye kiti cha jikoni na soksi yangu mkononi kama mtu aliyekuja msibani na zawadi ya harusi.

«Tumpigie Deo,» nikasema, sijui kwa nini. Sikuwa na wazo lolote. Nilitaka tu kusikia mtu aliye karibu na gari.

Safari hii Mungu alitusaidia: mwalimu wa kijiji alikuwa na simu inayoshika mtandao vizuri, akampa Deo. Ikawa mara ya kwanza kuzungumza naye moja kwa moja, simu imewekwa mezani, sauti kubwa, mafuta yanatokota kwenye kikaango. Nikaanza upya, kama mganga aliyeishiwa dawa.

«Deo, nisaidie kukagua tena mafuta.»

«Mzee fundi, mafuta iko! Sasa hivi nimechomoa ile kijiti, nimeifuta, nimeirudisha. Imefika juu kabisa.»

Kijiti. Nikarudia neno hilo kimoyomoyo. Tangi la petroli halina kijiti. Kijiti ni cha kupimia oili.

Kabla sijafungua mdomo, Mama Riziki alikuwa ameinua mwiko juu. «Ee Baba Mwanaidi! Weye unamuuliza nini? Mafuta ni hii!» akaelekeza mwiko kwenye kikaango. «Mafuta ya kupika, mafuta ya motere. Ile ya kutembea inaitwa esanse!»

Kumbe petroli kwao ndiyo esanse. «Deo,» nikasema, «esanse inafika kwenye injini?»

Deo akajibu: «Ile haukuniuliza, mzee.»

Nikashika kichwa. Nikamuuliza na moto: alikagua vipi? Akasema aliweka mkono juu ya motere, yaani injini, akaona haichomi, iko baridi, na yeye alishangaa kwa nini fundi mkubwa anauliza kama gari iliyolala siku zote hizo ina moto. Mama Riziki alikuwa ameshaelewa kazi, akachukua simu akamfokea kwa Kifaransa cha kijijini kwao: achomoe buji, yaani plagi, aangalie kama inatoa étincelle, ile kacheche. Tukasubiri. Mchungaji alifumba macho; nadhani alikuwa anaomba, au alikuwa amechoka tu na sisi.

«Étincelle iko,» Deo akasema. «Nguvu.»

Basi sensa ya gari lenyewe ilikuwa nzima tangu mwanzo. Nimevuka majimbo na soksi yenye kitu ambacho hakuna aliyekihitaji. Aibu niliyoisikia sikuwa na pa kuiweka, lakini hapakuwa na nafasi ya kuaibika. Nikamwambia Deo awashe swichi bila kupiga stata, mwalimu aiweke simu karibu na tangi. Pampu ya petroli nzima utaisikia ikinguruma kidogo, kama nyuki mmoja ndani ya kopo. Tukainamia meza wote watatu. Mama Riziki akazima jiko ili kikaango kinyamaze. Hapakuwa na mngurumo.

Sasa shikeni hili, maana ndilo la kufaa katika hadithi nzima. Kabla hujailaumu pampu, iangalie rilei yake, kale kaboksi keusi kanakoipa umeme. Nikamwambia Deo afungue sanduku la fyuzi na kunisomea mchoro wa kwenye kifuniko. Akasema mchoro unaonyesha rilei kumi, ndani ziko saba. Kifuniko kilikuwa cha gari jingine. Nilicheka kicheko kibaya, Mama Riziki akanikazia macho. Nikamwambia Deo aachane na mchoro, awashe swichi mara kadhaa, aweke kidole juu ya kila kaboksi, kanakogonga akaache. Baada ya kuhangaika akabaki na viwili visivyogonga.

«Kimoja kati ya hivyo ni cha honi,» nikasema. «Bonyeza honi.»

«Oni?»

«Klaxon!» akapiga kelele Mama Riziki.

Honi ikalia Fizi, tukaisikia Buffalo. Kaboksi kake kakagonga chini ya kidole cha Deo. «Basi hicho kichomoe,» nikasema, «ukiweke mahali pa kile kingine kilichokaa kimya, ndicho cha pampu.» Nilichotegemea ni kitu kimoja: gari linaweza kuwa na mama kumi, lakini vile vikaboksi karibu kila kiwanda kinatumia umbo lilelile. Nilisema kwa sauti ya uhakika. Ndani yangu sikuwa na uhakika hata wa jina langu.

Deo akawasha swichi. Nyuki akanguruma. Akapiga stata, injini ikazunguka, ikakohoa, ikashika, na watu wa kule wakapiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza. Mama Riziki hakujua vile vigelegele ni vya nini. «Ni nini ile? Baba Mwanaidi, ni nini?» Nikamwambia ni gari. Akakaa chini sakafuni hapohapo, na mwiko wake mkononi, akalia kwa sauti.

«Honi haitafanya kazi njia nzima,» nikamwonya Deo. «Kwenye kona mtapiga kelele kwa midomo.»

«Sawa, mzee. Tuko wengi.»

Deo na wenzake waliondoka na Riziki kuelekea Baraka wakati uleule. Nilitaka kurudi Columbus, Mama Riziki akakataa, akanitandikia sebuleni. Mchungaji aliniuliza kama bado aipeleke ile sensa. Nilifikiri sana. Nikamwambia aipeleke tu, sijui kwa nini, labda kule kuna gari la kuifunga. Jioni yote hatukupata habari. Mama Riziki alipiga, simu haikushika. Alipiga tena, haikushika. Alinisomea majina ya vijiji vyote vilivyoko njiani, kimoja kimoja, kama anatembea nao. Mimi nilijaribu kumweleza kuhusu yale magari ya Salma, kwamba hatujui hata ni gari gani limembeba binti yake. Aliniambia kwa upole ninyamaze.

Asubuhi tulikuwa tunakunywa chai simu ikalia. Alikuwa mkwe wake, mumewe Riziki, kutoka hospitali ya Baraka. Alisema maneno mengi kwa haraka, ya kidaktari na ya kwao, sikuyashika hata nusu. Nilimwona Mama Riziki anasikiliza, kope hazichezi. Alimuuliza juu ya Riziki, akajibiwa, akapumua. Alimuuliza juu ya mtoto, akajibiwa, lakini safari hii hakupumua. Hata yule mtoto wa kwanza, Mama Riziki alikuja kunieleza baadaye, waliambiwa kwa simu kwamba yuko vizuri. Nadhani alikuwa ameacha kuamini maneno.

Akaniletea simu sikioni.

«Fundi,» akasema, na hakuwahi kuniita hivyo kabla, «weye unajua kusikiliza. Sikiliza. Iko muzima?»

Nilikuwa tayari kumwambia kwamba mimi sijui hayo, kwamba mimi ni mtu wa magari, na hata ya magari mmeona wenyewe yalivyonishinda. Lakini mtoto alikuwa analia mle ndani ya simu. Nikafumba macho nikamsikiliza. Alilia, akakatika, nikasubiri, akavuta pumzi, akalia tena kwa nguvu kuliko mwanzo, na mara hii hakukatika.

«Mzima, Mama Riziki,» nikasema. «Ameshika.»